Ganda moja kwanza

Kitendaguro, Bukoba
Jumapili jioni, Novemba

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata pamoja na ile picha ya gereji. Mashine yangu ya kujazia risasi nimeiona pale mezani, bado imefunikwa lile shuka la bluu nililoiachia, na pembeni yake ndoo ya maganda ya risasi za milimita tisa uliyookota kwenye kiwanja cha shabaha. Umesema Jumamosi ijayo unataka kuifunga na kuanza kujijazia risasi za mashindano ya klabu, ukauliza kama nina la kukuambia. Ninalo, tena si dogo, ndiyo maana nimeweka simu pembeni nikachukua karatasi. Barua utaibandika ukutani mbele ya mashine. Ujumbe wa simu ungefukiwa na mwingine kabla ya Jumamosi yenyewe.

Nyumbani hatujambo. Mvua za vuli zimekolea na senene wameanza kushuka. Juzi watoto wa jirani walikesha na ndoo chini ya taa ya barabarani. Mama yako amekukaangia mfuko mzima, sasa anatafuta msafiri wa kukuletea Ohio. Bibi yako miguu inamsumbua, ila kibanja bado anakizunguka kila asubuhi na akiona mgomba haukupogolewa majani makavu lazima aseme.

Mama yako ndiye aliyeanza na swali la sheria, kwa hofu, nami namjibu kupitia kwako. Huko Marekani mtu mwenye haki ya kumiliki silaha hahitaji leseni ya serikali ya shirikisho ili ajijazie risasi za matumizi yake mwenyewe. Akianza kuuza ndipo leseni ya utengenezaji inapotakiwa. Kwa hiyo usimuuzie mtu, na mimi naongeza langu: usimpe mtu. Risasi uliyoijaza wewe ipigwe na bunduki yako, mkononi mwako. Hapa kwetu habari ni nyingine kabisa. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na risasi zinatengenezwa Morogoro kwenye Shirika la Mzinga, si kwenye gereji ya mtu. Ukija likizo hata ganda tupu lisibaki kwenye mfuko wa begi. Kagua begi mara mbili, maana ganda moja hujificha kwenye mshono na kukutoa jasho uwanja wa ndege.

Kabla ya mashine, nikusimulie jambo moja ambalo sijawahi kukusimulia. Mwaka 1978, majeshi ya Amin wa Uganda yalipovuka mpaka na daraja la Kyaka likalipuliwa mwezi wa kumi na moja, nilikuwa na miaka tisa. Vita ilipokwisha, watu walirudi makwao huku ardhini kukiwa na mabaki ya kila aina. Nilikwenda na babu yako upande wa Kyaka kumwona ndugu, nikaokota risasi nzima kando ya njia, nikaificha mfukoni kwa siku mbili. Iling'aa kama pete. Aliponiona nikiigonga kwenye jiwe nisikie mlio wake, babu hakupiga kelele. Alinyoosha kiganja, nikaiweka, akaifunga kwenye leso na kwenda nayo polisi kwa miguu. Aliporudi akaniambia kwamba kile kitu kilitengenezwa na mtu aliyekuwa akifikiria, na hakikukosea; mimi ndiye niliyekuwa sijui nimeshika nini. Miaka mingi baadaye, kila nilipokuwa nikipita Kaboya kule Muleba, walipozikwa askari wetu wa vita ile, nilikuwa nakumbuka kiganja chake. Nakuandikia nikiwa na picha hiyo kichwani. Sipendi mtu anayezungumzia risasi kwa wepesi.

Sasa mashine.

Babu yako, kama unavyojua, alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani hapa hapa ninapoandika, na Singer yake nyeusi ya kukanyaga. Nilipokuwa mdogo cherehani ikikataa, uzi ukivurugika chini ya kitambaa, mimi nilikuwa nakimbilia kugusa kila kitu: skrubu ya juu, bobini, sindano, mkanda. Alinizuia mkono. Akasema nikigusa vitu viwili kwa pamoja na cherehani ikapona, sitajua kipi kilichoiponya, na kesho ikiugua nitarudi nilipoanza. Kwa hiyo skrubu moja, robo mzunguko, kisha mshono kwenye kitambaa kibovu, kisha tazama. Nimefanya kazi kwenye karakana ya vyuma huko Columbus miaka 20 na zaidi na sikupata fundisho linaloshinda hilo. Mashine yako ya risasi inataka hivyo hivyo.

Hiyo Dillon 550 ina vituo vinne. Sahani inayoshika maganda haizunguki yenyewe, unaizungusha wewe kwa kidole. Ukivuta mpini, nguzo inapanda na sahani, na vituo vyote vinne vinafanya kazi kwa mpigo mmoja. Kwenye cha kwanza ganda linarudishwa kwenye kipimo chake na fataki iliyokwisha kutumika inasukumwa nje. Mpini ukirudi na kusukumwa mbele, fataki mpya inaingia. Cha pili kinamimina baruti na kupanua mdomo wa ganda kidogo. Cha tatu kinasukuma kichwa cha risasi ndani. Cha nne kinabana mdomo. Mashine ikishachanganya, kila mvuto unaangusha risasi moja kamili kwenye kibakuli, na mtu aliyezoea hupita risasi 400 kwa saa. Lakini hebu fikiria: dai, yaani ile kalibu ya chuma ya kituo cha pili, likiwa limelegea na hukuliona, baada ya nusu saa una risasi 200 mbovu, zote zinang'aa, zote zinafanana na nzima.

Ndiyo maana sitaki ujaze vituo vyote siku ya kwanza. Chukua ganda moja. Lipitishe kituo kimoja, litoe, lipime, ulielewe, ndipo liende kituo cha pili. Jumamosi yote ikiisha una risasi kumi tu, hujapoteza siku.

Anza na ndoo ya maganda yenyewe. Mwaga mezani uchambue kama mama yako anavyochambua maharage. Kuna ganda la .380 linalofanana sana na la tisa ila ni fupi, ondoa. Kuna maganda ya kijeshi ambayo fataki yake imebanwa kwa duara kuzunguka ukingo, hayo yatakataa fataki mpya, na fataki inayolazimishwa ni hatari, weka kando. Lenye ufa mdomoni, lenye mstari unaong'aa karibu na kitako, tupa. Angaza ndani pia, jiwe dogo au buibui hukaa humo.

Kituo cha kwanza: shusha mpini hadi mwisho ili sahani ipande kabisa, kisha zungusha dai kwa vidole mpaka liguse sahani. Lirudishe nyuma unywele tu. Usikaze nati bado. Weka ganda, vuta mpini, na ganda likiwa ndani ya dai ndipo ukaze, kwa sababu ganda lenyewe ndilo linaloliweka dai katikati. Watu wengi hukaza dai likiwa tupu, kisha wanashangaa kwa nini mpini unakwaruza. Kwa madai yote manne, kaza nati ganda likiwa ndani. Dai lako ni la kabaidi, kwa hiyo maganda ya tisa hayalazimiki kupakwa mafuta, ingawa mimi nilikuwa napulizia kidogo na bega langu lilinishukuru.

Fataki ndiyo sehemu ya kusikiliza kwa mkono. Ukisukuma mpini mbele utahisi fataki ikigusa, ikiingia, ikitua. Ni hatua tatu, na baada ya ganda la hamsini utazitofautisha ukiwa umefumba macho. Ukihisi ugumu usio wa kawaida, simama. Usisukume. Ule mrija wa kulishia fataki unabeba fataki 100 zikiwa zimepangana, na lile bomba la chuma linalouzunguka limewekwa kwa sababu: fataki moja ikilipuka inaweza kuamsha nyingine. Miwani ya kinga ivaliwe kabla hujashika fataki ya kwanza na isivuliwe mpaka mrija uwe mtupu. Kila ganda likitoka, pitisha ncha ya kidole kwenye kitako. Fataki iwe imezama kidogo tu chini ya ukingo. Ikichomoza, risasi hiyo haiendi popote.

Baruti nitaikalia zaidi, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Kiasi sikuandikii. Usikichukue kwangu, wala kwa rafiki wa klabu hata akiwa bingwa. Kimechapishwa kwenye kitabu cha watengenezaji, kwa jina la baruti hiyo, uzito wa kichwa hicho na urefu wa risasi hiyo. Ukibadilisha kimoja, ukurasa umebadilika. Anza na kiwango cha chini kilichoandikwa, si cha katikati. Vipimo vyenyewe ni vidogo kiasi cha kutisha: pauni moja ina greni 7000, na baruti ya risasi ya tisa kwa kawaida haifiki hata nusu gramu. Makosa ya nusu greni huwezi kuyaona kwa jicho. Ni mizani tu inayoyaona. Kwa hiyo mizani iwekwe mahali pasipo upepo, feni izimwe, na ujaribu kwanza kwa ule uzito wa kupimia uliomo kwenye kisanduku chake. Kila siku, hata kama jana ilikuwa sawa.

Ukijaza kipimio cha baruti, usiamini mimimino ya kwanza. Baruti inajipanga ikitikiswa, kama unga kwenye debe. Mimina mara kumi, urudishe yote, ndipo uanze kupima. Gusa bolti ya kurekebishia kidogo, mimina tena mara kadhaa, pima. Ikishatulia, pima kumi mfululizo moja moja uandike zote kwenye daftari, kisha kazini pima moja kila baada ya kumi. Baadaye ukikiamini, kila baada ya ishirini. Mezani liwepo kopo moja tu la baruti, lililofunguliwa, na jina lake liandikwe kwenye karatasi ukutani. Ukimaliza, baruti irudi kwenye kopo lake lile lile kabla hujatoka gerejini. Kipimio kikilala na baruti, kesho asubuhi utaapa unajua ni ipi.

Na ukinunua, chagua baruti yenye ujazo, ile ambayo ukiimimina mara mbili kwa bahati mbaya itafurika mdomoni mwa ganda ikuumbue. Sahani yako unaizungusha mwenyewe, usisahau hilo. Usipoizungusha, ganda moja linaweza kupokea mara mbili. Weka taa ndogo inayomulika moja kwa moja ndani ya ganda la kituo cha tatu, na kabla hujaweka kichwa, tazama baruti. Kila ganda. Macho yako yawe ndani ya ganda kabla ya kidole kuweka kichwa.

Dai hilo la pili ndilo pia linalopanua mdomo. Lishushe kidogo kidogo mpaka kichwa kikae mdomoni bila kushikwa, basi. Ukipanua zaidi shaba inachoka na kupasuka mapema.

Kituo cha tatu kina mambo machache. Shusha skrubu ya kusukumia hatua kwa hatua ukipima kwa venia. Kwa vipimo vya SAAMI, chama cha viwanda vya silaha cha huko kilichoanzishwa 1926, risasi ya tisa isizidi inchi 1.169, yaani milimita 29.69. Lakini hicho ni kikomo. Kitabu kitakupa urefu unaofaa kichwa unachotumia hasa, na bastola yako nayo ina neno lake. Fungua bastola, toa mtutu peke yake, dondosha risasi ndani. Itue kwa mlio mfupi, izunguke kwa kidole, na ukigeuza mtutu idondoke yenyewe. Ikigoma kuzunguka, kichwa kinagusa mifuo. Fupisha kidogo ujaribu tena. Lakini usifupishe kupita urefu wa kitabu, kwa sababu nafasi ndani ya ganda ikipungua shinikizo linapanda haraka, haraka kuliko akili inavyodhani.

Cha nne, kubana mdomo: kwenye risasi ya tisa unaondoa tu ule upanuzi wa kituo cha pili, mdomo urudi bapa. Risasi hii inajisimamisha ndani ya mtutu kwa ukingo wa mdomo wake. Ukiubana sana inazama, na kichwa chenyewe kinalegea badala ya kushikwa. Ukimaliza, shika risasi, sukuma kichwa kwenye ukingo wa meza kwa dole gumba kwa nguvu, kisha pima urefu tena. Ukiwa haujabadilika, umefanikiwa.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika kurasa zote hizi.

Siku babu yako alipofariki, nilikuwa kwenye mashine hiyo. Simu ililia, nikaona ni namba ya Bukoba, na kwa saa zile nikajua si salamu. Niliongea na mama yako nikiwa nimesimama. Nilikaa kwenye ngazi za gereji labda saa nzima. Kisha, na hili mpaka leo sijajisamehe, nikarudi mezani kumalizia sahani iliyokuwa na maganda, eti nisiiache kazi nusu. Mkono ulifanya kazi yenyewe. Kichwa hakikuwepo, kilikuwa huku barazani.

Wiki kadhaa baadaye, nimerudi kutoka msibani, nilikwenda kiwanjani na kisanduku kile. Risasi ya tatu au ya nne ilisema "puf", laini, kama mtu aliyekanyaga kopo. Kidole changu kilikuwa tayari kinarudi kwenye kifyatulio. Msimamizi wa kiwanja, mzee aliyekuwa nyuma yangu, alipiga kelele nisimame na akanishika bega. Tukafungua bastola, tukachungulia mtutu: giza. Kichwa kilikuwa kimekwama katikati, kimesukumwa na fataki peke yake, kwa sababu lile ganda halikuwa na baruti. Ningepiga ya pili ingekikuta kile kichwa cha kwanza njiani, na mtutu ungepasuka mbele ya uso wangu. Nilikwenda nyumbani nikavunja kisanduku kizima kwa nyundo ya kuvunjia, risasi moja baada ya nyingine. Mbovu ilikuwa hiyo moja tu. Moja.

Kwa hiyo ukikatizwa, kwa simu, kwa mlango, kwa mtoto, hata kwa chafya, usiendelee na sahani. Toa maganda yote manne, rudisha baruti, anza upya na sahani tupu. Simu ibaki sebuleni. Ukiwa na hasira au huzuni au usingizi, funika mashine na shuka la bluu ukalale. Na kiwanjani ukisikia mlio dhaifu, hata kama mashindano yanahesabiwa sekunde, shusha bastola ikielekea mbele, subiri, fungua, chungulia. Hakuna nishani ya klabu yenye thamani ya jicho lako.

Mengine ni ya kawaida. Baruti ibaki kwenye makopo yake ya asili, sehemu baridi na kavu, mbali na jiko la gesi la gerejini, na fataki zikae kwenye vifurushi vyake, kabati jingine. Tulioona milipuko ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, ingawa zile zilikuwa ghala za jeshi na mabomu makubwa, hatuwezi kuwa wazembe na kabati. Usile wala kunywa mezani pale. Vumbi la fataki na vichwa vina risasi yenyewe, ile metali, na inaingia mwilini kimya kimya. Nawa kwa maji baridi na sabuni kabla hujagusa kitu chochote cha mdomoni, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo nyingine.

Daftari langu liko kwenye droo ya chini kushoto, lina jalada la kijani. Ndani yake utakuta kila sanduku nililowahi kujaza: tarehe, baruti, kichwa, urefu, hali ya hewa, jinsi bastola ilivyokuwa mkononi. Ukurasa wa ile siku ya msiba nao umo, nimeuandika jinsi ulivyokuwa. Usome kabla hujafungua kopo lolote. Baada ya ukurasa wangu wa mwisho nimeruka karatasi moja. Anzia hapo kwa mwandiko wako. Jumamosi usiku nitumie picha ya ukurasa huo, na uzito wa mimimino kumi ya kwanza. Nitakuwa macho, huku itakuwa karibu alfajiri.

Mama yako anasema senene atampa mtoto wa jirani anayesafiri wiki ya kwanza ya Desemba. Bibi anakusalimu, anasema kasinge kwa Kihaya, na anauliza utaolewa lini. Mimi nimemwambia aulize mwenyewe.

Mjomba wako